Luganda ya Kibanda Umiza: Kujifunza Lugha kwa Video Bukoba na Muleba

Kujifunza lugha kwa video ni kuipata lugha ya kigeni kwa kutazama vipindi vilivyotengenezwa kwa ajili ya wenyewe: filamu, tamthilia, taarifa za habari, mahubiri, vichekesho. Hakuna mwalimu anayepunguza mwendo, wala kitabu kinachopanga somo la kwanza na la pili. Mtazamaji huingia katikati ya maneno na kuachiwa picha imsaidie. Kwingineko duniani njia hii huhusishwa na vijana wanaofuata Kijapani kwenye katuni au Kikorea kwenye tamthilia. Bukoba na Muleba, mkoani Kagera, mambo yana sura nyingine. Lugha inayoingia kwa wepesi kupita zote ni Luganda, na wepesi huo hautokani na skrini hata kidogo.

Msingi wa nadharia uliwekwa na Mmarekani Stephen Krashen katika miaka ya 1970 na 1980. Alidai kuwa lugha hupatikana pale mtu anapoelewa ujumbe uliopita kidogo tu kiwango alichofikia. Sarufi na masahihisho aliyaweka pembeni. Wengi walimpinga. Merrill Swain wa Kanada, aliyewachunguza wanafunzi waliosomeshwa kwa Kifaransa miaka mingi na bado wakakizungumza kwa makosa, alieleza mwaka 1985 kwamba kusema nako ni sehemu ya kujifunza. Hata hivyo, sharti la kuelewa halijapata mpinzani wa maana, na ushahidi wake uko Kagera kwenyewe. Mwaka 2001 Saida Karoli, mwimbaji wa Kihaya kutoka Bukoba, alivuma na wimbo wa Maria Salome. Nchi nzima ikaimba Kihaya, harusini na kwenye daladala, na waliokariri beti nzima walikuwa wengi. Miaka zaidi ya 20 imepita na walio wengi kati yao hawawezi kuomba maji ya kunywa kwa Kihaya. Masikio yalipata chakula cha kutosha. Maana ndiyo iliyokosekana.

Sasa mgeuze mtazamaji: mweke Mhaya mbele ya filamu ya Luganda. Katika uainishaji wa Malcolm Guthrie, lugha za eneo hili zimo katika kanda moja ya E: Kinyankole ni E13, Luganda E15, Kinyambo E21 na Kihaya E22. Omuntu, omwana, ente, okulya na okugenda ni maneno yale yale pande zote mbili. Kwa hiyo mtazamaji hakai gizani hata dakika ya kwanza. Anashika sehemu kubwa ya sentensi, kisha picha inamalizia iliyobaki.

Kinachovutia zaidi ni yale anayojifunza bila kuambiwa. Mhaya husema okushoma na okushaba. Mganda husema okusoma na okusaba. Baada ya filamu chache sikio huzoea kwamba penye sh ya nyumbani patakuwa na s. Kanuni ya pili ni ngumu kidogo. Maji kwa Kihaya ni amaizi, kwa Luganda amazzi. Kuja ni okuija, kwa Luganda okujja. Kuiba ni okwiba, kwa Luganda okubba. Pale Kihaya kilipobaki na irabu i, Luganda hukaza konsonanti inayofuata. Hapa ndipo mtazamaji wa video hukwama, kwa sababu mkazo ule haumo katika Kihaya wala katika Kiswahili. Okubba akalisikia okuba, ambalo ni "kuwa", na mwizi wa kwenye filamu akageuka mtu ambaye yupo tu. Sikio halikosei kwa uzembe. Limezoea kutoupa urefu wa konsonanti kazi yoyote. Kosa la namna hii haliondoki kwa kuongeza saa za kutazama. Linahitaji mtu wa kulionyesha, au angalau kuyaona maneno hayo yameandikwa.

Ujirani huu wa Kihaya na Luganda ulikuwepo kabla ya umeme. Misheni ya Kikatoliki ya Kashozi ilifunguliwa mwaka 1892 na wamisionari waliotokea upande wa Buganda. Biblia kamili ya Luganda ilitoka mwaka 1896, na katika miaka ya mwanzo ya Ukristo Buhaya vitabu vya Luganda ndivyo vilivyosomwa kanisani. Wahaya waliokwenda Uganda kutafuta kibarua walirudi na Luganda mdomoni. Video imerithi njia iliyokwisha kukanyagwa.

Chombo chake kikuu ni kibanda umiza: chumba chenye benchi, skrini, spika na kiingilio kidogo. Uganda huko huko, kwenye vibanda kama hivyo, ilizaliwa kazi ya VJ, mtu anayesimulia filamu ya kigeni kwa Luganda juu ya sauti ya asili. VJ Jingo ni miongoni mwa waliopata jina kubwa. Tanzania ilikuwa na Kapteni Derek Gaspar Mukandala, maarufu kama Lufufu, aliyefanya hivyo kwa Kiswahili. Filamu za namna hii husafiri kwa flashi na kadi za simu, na mpaka wa Mutukula, yapata kilomita 80 kutoka Bukoba mjini, haujawahi kuzizuia.

Kwa mwanafunzi wa lugha, VJ ni mwalimu bora kuliko filamu yenyewe. Hutaja kinachoonekana wakati kinaonekana: huyu anakimbia, yule kachukua bunduki, sasa utaona. Hurudia, hufafanua, humwita mhusika kwa jina moja mwanzo hadi mwisho. Sauti ni moja, kwa hiyo sikio huizoea upesi. Upungufu wake ni kwamba anasimulia zaidi kuliko anavyozungumza. Aliyejifunza Luganda kwa VJ peke yake anajua kusema mtu kapigwa na gari limelipuka, ila kubishana bei ya gunia kwa adabu ya Kiganda bado hajui. Kuna pia jambo la kuchekesha: Mmarekani amepiga kelele kwa Kiingereza saa nzima na nusu, na kijana wa Muleba katoka humo ameongeza Luganda.

Kiingereza ndicho chenye uhitaji mkubwa, maana sekondari zetu hufundishia kwa hicho, na ndicho video inachokifundisha kwa shida. Stuart Webb na Michael Rodgers walichambua filamu 318 mwaka 2009, wakaona kwamba kuelewa takriban asilimia 95 ya maneno kunahitaji familia za maneno (neno pamoja na vinyambuo vyake) 3,000, na ili kufika asilimia 98 zinahitajika 6,000. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza aliyetoka shule ya Kiswahili yuko mbali na hapo. Kumwambia atazame filamu za Kiingereza kwa wingi, kama wazazi wengi wanavyoshauri, ni kumrudisha kwenye Maria Salome. Kinachomfaa ni kipande kifupi cha dakika mbili tatu anachokijua kisa chake, akirudie mpaka kieleweke, huku maandishi ya Kiingereza yakipita chini. Maandishi yawe ya Kiingereza kwa sababu: Holger Mitterer na James McQueen walionyesha mwaka 2009, kwa Waholanzi waliotazama video za Kiingereza cha lafudhi ngeni, kwamba maandishi ya Kiingereza yaliwasaidia kushika sauti, ilhali maandishi ya Kiholanzi yaliwavuruga. Kipande kifupi pia hula bando kidogo.

Kuna kikomo kingine. Patricia Kuhl na wenzake huko Seattle, katika utafiti wa mwaka 2003, waliwapa watoto wachanga wa Kimarekani wa umri wa miezi 9 vikao 12 vya Kichina. Waliokaa na Mchina ana kwa ana walijifunza kutofautisha sauti zake. Waliopewa sauti ile ile kwa televisheni hawakupata kitu. Watu wazima hawatoki mikono mitupu namna hiyo, lakini mwelekeo unafanana: video hujenga kusikia, na ulimi hubaki nyuma. Visiwa vya Muleba vinaonyesha tofauti hiyo. Bumbire na Goziba ni kambi za wavuvi na wachuuzi wa kutoka kila upande wa Ziwa Victoria. Alichokisikia mtu kwenye kibanda usiku hukitumia asubuhi kwenye mwalo, na akikosea huchekwa papo hapo. Mwanafunzi aliye kijijini bara, mwenye simu lakini asiye na Mganda wa kuzungumza naye, ataelewa kila kitu na kujibu kwa Kiswahili.

Anayetaka kujifunza Kihaya kwa njia hii ana kazi nzito kuliko wote. Kanuni za utangazaji za Tanzania huelekeza vituo kutumia Kiswahili au Kiingereza, kwa hiyo televisheni ya Kihaya haipo. Ng'ambo ya mpaka, Bukedde TV imekuwa hewani kwa Luganda tangu mwaka 2009, na TV West ya Mbarara hutumia Runyankore-Rukiga. Kijana wa Kihaya aliyezaliwa Temeke hubaki na video za harusi, vichekesho vya simu na waimbaji wa nanga, ala ya nyuzi ya Kihaya. Nanga ni tamu, lakini asianzie hapo: lugha yake ni ya kale, na hata wenyeji wa Kamachumu huulizana maana ya baadhi ya maneno. Harusi inafaa zaidi. Watu husalimiana, hujitambulisha, hutaja ukoo, hugombana kuhusu mahari, na maneno yale yale hurudi katika kila video. Akiwa na kamusi ya Ruhaya (yaani Kihaya) ya Henry Muzale ya mwaka 2006 pembeni, na shangazi wa kumpigia simu sauti inapomchanganya, ana vifaa vya kuanzia.