Bluu Iliyochujuka Goma

Kofia ya bluu ilizaliwa kwa pupa. Mwaka 1956, baada ya Uingereza, Ufaransa na Israel kuivamia Misri kwa sababu ya Mfereji wa Suez, Umoja wa Mataifa ulitaka kupeleka huko kikosi cha kusimama katikati. Kikwazo kikawa mavazi. Sare za Wakanada zilifanana mno na za Waingereza, na Wamisri hawakutaka kuziona. Kushona bereti za bluu kungechukua majuma. Basi zikatafutwa kofia za plastiki za jeshi la Marekani zilizokuwa Ulaya, zikapuliziwa rangi.

Rangi hiyo ilipata jaribio lake kubwa Kongo. Julai 1960, majuma mawili tu baada ya uhuru, Baraza la Usalama liliidhinisha kikosi ambacho baadaye kilikaribia watu 20,000. Walitumwa kutuliza nchi, wakaishia kupigana Katanga hadi jimbo hilo lililojitenga likarudishwa mwanzoni mwa 1963. Askari na watumishi wapatao 250 walikufa. Katibu Mkuu Dag Hammarskjöld naye alipoteza maisha Septemba 1961, ndege yake ilipoanguka karibu na Ndola akienda kutafuta suluhu.

Halafu ikaja bili. Umoja wa Kisovieti na Ufaransa zilikataa kulipa, kila moja kwa sababu zake za kisiasa. Umoja wa Mataifa ukalazimika kuuza hati fungani ili kujikwamua, na mwaka 1964 Baraza Kuu lilikaa kikao karibu chote bila kupiga kura, kwa kuogopa swali la kama wasiolipa bado wana haki ya kura. Anayedhani ugomvi wa ada umeanza zama za Donald Trump, na aanzie hapo.

Walinda amani walirudi Kongo mwaka 1999. Novemba 2012 waasi wa M23 waliingia Goma huku askari wa Umoja wa Mataifa wakitazama, nao wenyeji wakauliza, kwa Kiswahili chao cha Kivu, hawa wamekuja kufanya nini. Jibu lilikuja Machi 2013: brigedi ya kujibu mashambulizi, askari 3,069 kutoka Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, wenye ruhusa ya kuanza wao. Kabla mwaka haujaisha M23 walikuwa wamesambaratika. Ushindi huo ulitoa matumaini makubwa kuliko ulivyostahili. Desemba 7, 2017, kambi ya Watanzania huko Semuliki ilivamiwa. Wanajeshi 15 wa jeshi lao, JWTZ, waliuawa.

Januari 2025 Goma ilianguka tena mikononi mwa M23, kundi ambalo wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanasema linasaidiwa na Rwanda, jambo ambalo Kigali inalikana. Safari hii kambi za bluu ziligeuka maficho. Wanajeshi wa Kongo walikimbilia humo, na mamluki wa Kiromania pia, waliokodiwa na serikali ya Kinshasa. Mazungumzo ya amani yakahamia Washington na Doha, kwa wenye fedha na haja ya madini.

Marekani na China hubeba karibu nusu ya bajeti ya ulinzi wa amani. Zikichelewesha michango, kama zilivyofanya, askari hupunguzwa: Oktoba 2025 ilitangazwa kwamba takriban robo yao duniani wataondolewa. Tangu Jamhuri ya Afrika ya Kati mwaka 2014, Baraza halijaanzisha operesheni nyingine kubwa ya aina hiyo. Haiti ilipelekewa polisi wa Kenya, kwa idhini ya Baraza lakini bila kofia ya bluu, wakitegemea michango ya hiari.

Nchi zile tatu za brigedi ya 2013 zilikuwa zimerudi Kivu kwa mlango mwingine, chini ya bendera ya SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, nazo Goma ilipoanguka zikajikuta zimezingirwa. Mwishoni mwa Aprili 2025 malori yao yalianza kuondoka. Njia iliyokuwapo ilikuwa kupita Rwanda, hadi Chato, Tanzania.