Samaki wa Chaplin: Kicheko kama Ushahidi katika Historia ya Sinema ya Mombasa

Historia ya sinema ya Mombasa imezoea kukaa kisiwani. Wanaoisimulia huanza na kumbi za tiketi, Regal, Majestic, Naaz, na mara nyingi huishia humo humo. Likoni, Kisauni na Changamwe hutajwa kama mitaa walikotoka watazamaji. Nadai kwamba anayeitazama sinema akiwa amesimama ng'ambo, penye mchanganyiko wa Wadigo, Wagiriama na vibarua wa bara waliofuata kazi za reli na bandari, hulijibu kwa namna nyingine swali lililowashughulisha sana wakoloni: je, Mwafrika anaielewa filamu? Ushahidi wangu ni kicheko.

Mtetezi mkuu wa jibu la "hapana" alikuwa William Sellers, aliyeanzia katika idara ya afya Nigeria na baadaye akaongoza utayarishaji wa filamu katika Colonial Film Unit, iliyoundwa London mwaka 1939. Alishikilia kwamba Waafrika wahitaji filamu za mwendo wa polepole, picha ndefu zisizokatwakatwa, zisizo na hila yoyote ya kamera. Miaka 10 kabla ya kitengo hicho kuundwa, mwaka 1929, mwanabiolojia Julian Huxley alikuwa amezunguka Afrika Mashariki akiwaonyesha wanafunzi filamu, akaona wanazielewa. Matokeo yake hayakuizuia nadharia hiyo kuwa sera.

Maofisa walipenda kurudia kisa kimoja. Watu walionyeshwa filamu ya malaria, mbu akajaa pazia zima, nao wakasema kwao hakuna mbu wakubwa hivyo, basi hawana la kuhofia. Kisa hicho kimetumika miaka mingi kama hati ya ujinga. Mimi nakisoma kama utani. Aliyewahi kuwasikiliza watani msibani anaijua sauti ile ya mtu kushikilia uso mkavu huku akimpima mgeni kama atang'amua. Afisa hakung'amua, akaenda kuandika ripoti.

Sasa tuwekeni kando ya nadharia hiyo filamu moja ya kuchekesha isiyo na sauti, The Immigrant, aliyoitengeneza Charlie Chaplin mwaka 1917 kwa kampuni ya Mutual. Nasema aliitengeneza, lakini hakuwa peke yake. Palikuwa na Edna Purviance, binti mhamiaji mwenye huzuni. Eric Campbell, lile jitu la mhudumu wa mgahawa. Na Roland Totheroh, mpiga picha. Kamera yao iliyumbishwa makusudi ili sitaha ionekane inapanda na kushuka na mawimbi.

Tunamwona Chaplin kwanza kwa mgongo. Ameinama kwenye ukingo wa meli, mabega yanamtikisika, anarusharusha miguu. Kila mtu melini amechafukwa na roho, basi na huyu bila shaka anatapika. Kisha anageuka: mkononi ana mshipi, na kwenye ndoana samaki. Ili acheke, mtazamaji lazima awe amekisia jambo, akalisadiki, kisha akalitupa papo hapo na kushika jingine. Hiyo ni kazi ya akili, tena ya haraka, ile ile ambayo Sellers alisema haipo. Na ni wapi mshipi utatambulika upesi kuliko Likoni?

Baadaye kidogo sanamu ya Uhuru ya New York inaonekana. Wahamiaji wanaitazama kwa matumaini, na mara kamba inavutwa kuwazuia wote kama mifugo. Hakuna maandishi yanayoeleza uhusiano wa picha hizo mbili. Maana imezaliwa katika mfuatano wake. Abiria aliyewahi kubanwa langoni pale Likoni akingoja kivuko hahitaji ufafanuzi.

Vichekesho vifupi vya Chaplin vilitiwa katika maonyesho ya magari ya sinema katika makoloni ya Uingereza barani Afrika, vikiwa chambo cha kuwavuta watu waje wafundishwe choo na kilimo. Chambo hicho ndicho kilichopendwa. Kando ya pazia alisimama msimulizi na kipaza sauti, akieleza kwa lugha ya wenyeji. Nashikilia kwamba huyu naye ahesabiwe miongoni mwa watengenezaji wa filamu. Mbele ya umati wa lugha nyingi, kichekesho kilichotengenezwa California kilikamilika kwa ulimi wake, na kwa kelele za waliomjibu. Wanahistoria wetu wanaowahoji wazee wa Changamwe na Kisauni kuhusu migomo na reli wawaulize pia kuhusu sauti hiyo, maana jalada la ofisi halikuihifadhi.

Hata picha zenyewe nyingi hazikuhifadhiwa. Karibu nasi kabisa, huko Vugiri katika milima ya Usambara, mradi wa Bantu Educational Kinema Experiment ulitengeneza filamu zipatazo 35 kati ya 1935 na 1937, kwa fedha za Carnegie na chini ya L. A. Notcutt na G. C. Latham. Picha zilikuwa bubu. Maneno yalitoka kwenye sahani za santuri, kwa lugha mbalimbali. Nyingi zilihusu afya, kilimo na kodi, ingawa walipiga pia hadithi ya Sungura na Chui, ambayo mtoto yeyote wa pwani angeijia mbio. Zilizosalia katika hifadhi ya filamu ya Uingereza ni tatu: moja ya mafunzo ya utabibu wa mifugo, moja ya safura, na moja ya mashamba ya Kingolwira. Sungura hayumo.