Utunzaji wa Wazee Wetu, Toka Siku za Kale Hata Leo

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu.

Enyi ndugu Waislamu wa Arua na Koboko, nimeombwa niandike machache ya tarikhi katika kitabu hiki cha ukumbusho. Wengine wataeleza habari za misikiti na madrasa. Mimi nimechagua habari za wazee wetu na za mikono inayowatunza.

Hapo kale hapakuwa na mtu aliyeuliza ni nani atakayemtunza mzee. Kwa Wakakwa, Walugbara, Waaringa na Wanubi, ua wa mzee ulijaa wana, wakwe na wajukuu. Alilishwa, akaoshwa, akasikilizwa. Kazi hiyo haikuwa na shule. Binti alimtazama mama yake, naye akafanya vivyo hivyo.

Kisha vikaja vita. Serikali ya Idi Amin ilianguka Aprili 1979, na mwezi wa Oktoba 1980 mapigano yalipofika kwetu, watu kwa maelfu walikimbilia Sudan na Zaire. Mimi nilikuwa mtoto. Tulitoka Koboko usiku tukavuka mto Kaya, na bibi yangu alibebwa mgongoni kwa zamu. Jirani yetu mmoja, mzee asiyeweza kutembea, alibaki, wala hatukumwona tena. Tuliporudi baada ya miaka, nyumba zilijengwa upya, lakini yale mafunzo ya uani yalikuwa yamekatika. Wengi walikulia kambini. Wengine walikwenda Kampala na Juba kutafuta riziki, na mzee akaachiwa mjukuu mdogo amtunze.

Nami ninao ushahidi mzito. Kwa miaka mingi nimeosha maiti. Mwenye kuosha maiti ameamrishwa kusitiri, kwa hiyo simtaji mtu wala kijiji. Lakini yanipasa kusema kwamba nimeona migongo na nyonga zenye vidonda hata mfupa ukaonekana, nayo ilikuwa miili ya wazee waliopendwa sana na watoto wao. Watoto hao hawakukosa huruma, walikosa elimu. Hakuna aliyewaambia kuwa asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, kuwa shuka lisibaki na majimaji, na kuwa mgonjwa huinuliwa akae ndipo alishwe, uji usije ukaingia mapafuni.

Elimu hiyo si ngeni katika dini yetu. Zama za Mtume (S.A.W.), Bibi Rufaida wa kabila la Aslam aliwauguza majeruhi Madina, na Saad bin Muadh alipopigwa mshale katika vita vya Khandaki aliwekwa katika hema lake. Mwaka 1284 Sultani Qalawun alijenga hospitali kubwa mjini Cairo, wanaume wakihudumiwa na wanaume, na wanawake na wanawake.

Hapa Uganda nako ipo mifano miwili ya kutuzindua. Wa kwanza ni ukunga. Kazi hiyo ilikuwa ya nyanya zetu kila kijiji, hata hivyo yapata miaka mia moja iliyopita Bibi Katharine Cook alifungua shule ya wakunga huko Mengo, na leo hakuna aonaye ajabu binti kusomea ukunga. Wa pili ni wa mwaka 1993, Daktari Anne Merriman alipoanzisha Kampala huduma ya wagonjwa wasiotarajiwa kupona, akawafundisha wauguzi kuwafuata majumbani mwao. Mwaka 2004 sheria iliwaruhusu wauguzi waliosomea kazi hiyo kuandika dawa ya mofini ya kutuliza maumivu, na Uganda ikatangulia nchi nyingine za Afrika katika jambo hilo.

Ni kweli kwamba Serikali ilitoa sera ya wazee mwaka 2009, na tangu 2011 ikaanza, katika wilaya chache kwanza, kuwapa wazee fedha kila mwezi. Twashukuru. Lakini shilingi haimgeuzi mgonjwa kitandani.

Basi ndugu zangu, anayeingia duniani amefanyiwa shule, anayetoka hajafanyiwa. Rai yangu ni hii: kila msikiti uchague vijana wawili, mwanamume na mwanamke, ili stara ihifadhiwe. Tuwaombe wauguzi wa hospitali ya Arua, ya Koboko na ya Kuluva watufundishie vijana hao kuosha, kugeuza, kulisha, na kutambua kidonda kingali chekundu tu. Sisi masheikh tutawafundisha kumtawadhisha mgonjwa na kumtayamamisha. Na wakisha kuhitimu walipwe ujira, maana kazi isiyo na ujira huachwa njiani.

Nataka siku moja niitwe kuosha maiti ya mzee, nikute mgongo mzima.

Wabillahi taufiki.