UZI: Mpaka wa Malaba ungeweza kufutwa lini?

1/ Mjadala ukipamba moto humu, lazima mtu aseme: "Mipaka ni ya mkoloni, tuifute!" Mimi ni wa Moding, hapa karibu na Malaba. Huu mpaka naujua. Twende polepole.

2/ Kabla ya 1902 huku kwetu kulihesabiwa Uganda. Aprili mwaka huo Mwingereza akahamishia Mkoa wa Mashariki upande wa Kenya ya leo, sababu mojawapo ikiwa kuweka reli yake chini ya utawala mmoja. Iteso wakabaki pande zote mbili. Hakuna aliyewauliza.

3/ Kufikia 1960 dola la Uingereza lilikuwa limechoka: India ilishaondoka 1947, Suez ikaliaibisha 1956. Na sisi majirani tulikuwa tayari na reli moja, posta moja, shilingi moja.

4/ Mwaka huo kiongozi wa Tanganyika akasema yuko tayari kuchelewesha uhuru wa nchi yake ili tuungane kwanza. Hoja yake: kila nchi ikishapata bendera na kiti chake, kuungana kutakuwa kugumu. Haikuwa. Tanganyika ikajitawala 1961, Uganda 1962.

5/ Tarehe 5 Juni 1963, viongozi watatu wakatangaza Nairobi kwamba shirikisho litaundwa mwaka huohuo. Mazungumzo yakakwama kwenye uraia, mambo ya nje, na viti Umoja wa Mataifa. Uganda iliogopa kumezwa. 1964, OAU ikaamua kule Cairo: mipaka ya uhuru iheshimiwe. Basi.

6/ Sasa tubuni: wamekubali 1960. Malaba ni mpaka wa mikoa tu, kama ule wa Busia na Bungoma. 2020 mpaka ulipofungwa kwa abiria, tulishindwa kwenda kumzika shangazi Tororo. Ni karibu sana, lakini ni nchi nyingine. Kwenye historia hiyo, labda baba angemtupia dadake udongo.

7/ Lakini tusidanganyane. 1971 jeshi lilipindua serikali Uganda, na watu wakavuka kuja huku kujiokoa. Nchi ikiwa moja, wangevukia wapi?

8/ Kwa hiyo mkoloni alichora mstari, sawa. Ila 1963 kalamu ilikuwa mikononi mwetu, na hakuna aliyetaka kuachia kiti. Ukisikia tena "futa mipaka", muulize anayesema: wewe uko tayari kuachia nini?