High Noon na Watazamaji Wake
Filamu ya High Noon ya Fred Zinnemann ilitoka Marekani mwaka 1952, ikawagawa watazamaji. Gary Cooper, akiigiza mlinzi wa sheria wa mji mdogo, anabisha mlango hadi mlango kuomba msaada dhidi ya majambazi wanne, lakini karibu wenyeji wote wanamkwepa. Akishawashinda, anaitupa beji yake mavumbini. Mwigizaji John Wayne alichukizwa mno na filamu hiyo, na mwongozaji Howard Hawks akaijibu kwa filamu yake Rio Bravo, 1959. Wengine, kwa haki kabisa, waliona humo woga wa enzi ya msako wa wakomunisti, uliomkumba mwandishi wa filamu hiyo, Carl Foreman. Hata nje ya Marekani ilitumika: mwaka 1989 bango la uchaguzi la vuguvugu la Solidarność, Poland, lilimwonyesha Cooper akishika karatasi ya kura.