Mwindaviwavi

Istilahi hii tunapendekeza itumike kwa mbawakawa wa jenasi ya Calosoma, katika familia ya Carabidae. “Mla viwavi” haitoshi. Kunguru hula viwavi, kuku pia, na hawabagui. Calosoma huwasaka, na spishi mashuhuri ya Ulaya, Calosoma sycophanta, mwenye mabawa ya juu ya kijani king’aavu, hupanda mti hadi matawini kuwafuata. Hapo ndipo jina la kundi zima, “mbawakawa wa ardhini”, linapompotosha msomaji: ardhini huyu hulala tu, tena sehemu kubwa ya mwaka. Hutoka kuwinda kiangazi, kisha hujifukia tena, na huweza kuishi miaka miwili hadi minne.

Sifa yake hiyo iliwavutia Wamarekani. Mwishoni mwa miaka ya 1860, Étienne Léopold Trouvelot aliingiza nondo wa Lymantria dispar huko Medford, Massachusetts; wakamtoroka, na viwavi wao wakaja kupukutisha majani ya misitu mizima. Kuanzia 1905 mwindaviwavi akaletwa kutoka Ulaya, akaselelea. Mwaka 1906 aliletwa pia nzi Compsilura concinnata, ambaye watu humchanganya naye chini ya jina la “wadudu rafiki”. Sijui urafiki huo ni wa nani, maana nzi huyo alivamia hata nondo wa asili wa Marekani. Zaidi ya hayo, kazi zao hazifanani. Nzi hutia buu ndani ya kiwavi, na buu huyo humaliza kiwavi mmoja huyohuyo: huyo ni kimelea kiuaji. Mwindaviwavi ni mbuai. Huua kiwavi, akaenda kwa mwingine, na mwingine tena.

Mtoto wake naye huwinda na kupanda miti. Tumwite buu au lava, kamwe si kiwavi, ingawa mazungumzoni kila kitambaacho huitwa hivyo. Kiwavi ni mtoto wa nondo au kipepeo. Tukilegeza hapo, tutaandika kwamba kiwavi amekula kiwavi, na mkulima anayepambana na viwavijeshi hatajua amwache yupi. Jambo hilo si la Ulaya tu, kwa kuwa Afrika nayo ina Calosoma wake, kama Calosoma senegalense.

Neno liandikwe kwa kuunganishwa, kama kifaurongo. Wingi wake ni wawindaviwavi.