Jinsi ya kuchagua kalibu ya kutengenezea taa kubwa za kioo

Kifuniko cha taa kilichotengenezwa kwa kioo cha mviringo chenye kipenyo cha mita moja na unene wa milimita 10 huwa na uzani wa karibu kilo 20. Kikishatundikwa darini katika ukumbi wa hoteli, kanisa au sebule, watu hupita na kuketi chini yake bila kuwaza kwamba kinaweza kuanguka. Usalama wao huanza kuamuliwa mapema, kabla hata tanuri halijawashwa, siku ambayo fundi anachagua kalibu.

Kioo kinapopashwa joto polepole hakiyeyuki ghafla kama barafu. Hulainika kwanza, kikaanza kuinama kwa uzani wake chenyewe, na hatimaye kikalalia kalibu iliyo chini yake na kufuata umbo lake. Ufundi huu ni wa kale. Inaaminika kwamba mafundi wa enzi za Warumi, yapata miaka 2,000 iliyopita, waliutumia kutengenezea mabakuli ya kioo yenye mbavu. Tofauti na ufundi wa kupuliza kioo, fundi wa aina hii hahitaji bomba wala pumzi. Huhitaji kipande bapa cha kioo, tanuri ambalo joto lake linaweza kudhibitiwa, kalibu, na subira.

Nchini Kenya, sanaa ya kioo imepata umaarufu hasa kupitia karakana za Kitengela, kusini mwa jiji la Nairobi, zilizoasisiwa na msanii Nani Croze, ambako vioo vilivyokwisha kutumika hugeuzwa kuwa bidhaa mpya. Kioo cha kawaida cha madirisha huinama vyema katika joto la kati ya digrii 680 na 750 za Selsiasi, kutegemea unene wake, upana wa kalibu na muda kinaoachwa humo. Vioo vya rangi vinavyouzwa mahususi kwa kazi za sanaa hulainika mapema zaidi, mara nyingi kati ya digrii 630 na 680. Aina hizi mbili hazipaswi kuunganishwa katika kazi moja, kwani hazitanuki wala kunywea kwa kiwango sawa, na kiungo chake hupasuka.

Kinachonywea zaidi

Kanuni hiyohiyo ya kutanuka na kunywea ndiyo inayotawala uchaguzi wa kalibu. Kila kitu hutanuka kikipata joto na kunywea kikipoa, lakini kila kimoja kwa kipimo chake. Chukua mfano wa kioo chenye upana wa sentimita 60. Kikipoa kutoka digrii 500 hadi joto la kawaida, hupungua upana kwa karibu milimita mbili na nusu. Kalibu ya udongo uliochomwa yenye upana huohuo hupungua kwa takriban milimita moja na nusu tu. Ile ya chuma kisichoshika kutu hupungua kwa karibu milimita tano.

Tofauti hizo zaweza kuonekana ndogo, lakini kioo kigumu hakina pa kuziweka. Iwapo taa ina umbo la bakuli, yaani kioo kinashuka ndani ya kalibu, udongo unafaa. Kioo hunywea zaidi ya udongo, kikajitenga nao na kutoka bila shida. Iwapo taa ina umbo la kuba, yaani kioo kinaangukia juu ya kalibu na kuifunika, mambo hugeuka. Kioo kikinywea juu ya kuba la udongo huibana kalibu kama pete iliyokwama kidoleni, na matokeo yake ni ufa. Hapo chuma ndicho kifaacho, kwa sababu hunywea zaidi ya kioo na kujiondoa chenyewe kutoka ndani. Vivyo hivyo, bakuli la chuma lenye kuta zilizosimama wima halifai, kwa kuwa hukikaza kioo kilichomo.

Kadiri taa inavyokuwa kubwa ndivyo tofauti hizi zinavyoongezeka. Kosa ambalo sahani ndogo ingelivumilia huivunja taa ya mita moja.

Udongo, chuma na sufu ya kauri

Kalibu ya udongo ndiyo hutumiwa zaidi. Inapaswa kuwa imechomwa lakini haijapakwa rangi ing'aayo, maana kioo kinaweza kunasa kwenye rangi hiyo. Sehemu zake za chini kabisa hutobolewa matundu madogo ili hewa iliyofungiwa chini ya kioo ipate pa kutokea, na kalibu yenyewe huinuliwa kidogo kutoka sakafu ya tanuri. Ni lazima iwe imekauka kabisa, la sivyo unyevu uliomo hugeuka mvuke na kuipasua. Kasoro yake kubwa ni uzani. Kalibu nene ya udongo hushikilia joto kwa saa nyingi, hivyo upande wa chini wa kioo hubaki moto ilhali ule wa juu umeanza kupoa.

Chuma kisichoshika kutu ni chepesi, chembamba na hakivunjiki. Mafundi wa jua kali waliozoea kufua mabati wanaweza kukikunja kuwa kuba. Hata hivyo, si kila chombo cha jikoni kinafaa kuingia tanurini. Sufuria ya alumini huyeyuka katika digrii 660, joto ambalo kioo cha dirisha hakijaanza kuinama sawasawa. Mabati yaliyopakwa zinki nayo hutoa moshi wenye madhara kwa afya yakipata joto kali, na hayapaswi kutumiwa kamwe.

Nyenzo ya tatu ni sufu ya kauri, yaani nyuzinyuzi za kauri zilizogandamizwa kuwa mbao au mablanketi. Hii huwafaa wanaotengeneza taa moja kubwa isiyo na kina kirefu, kwa kuwa hukatwa kwa kisu na haina uzani wa kumsumbua mtu. Blanketi hulowekwa katika maji maalumu ya silika ili ligande katika umbo linalotakiwa. Mara ya kwanza huchomwa peke yake, pakiwa na hewa ya kutosha, ili gundi iliyomo iungue kabla kioo hakijawekwa. Vumbi lake ni hatari kwa mapafu. Anayelikata anapaswa kuvaa barakoa ya kuzuia vumbi laini, kwa kuwa kitambaa cha kufunga puani hakitoshi.

Kuna pia njia ya kutumia pete. Kioo huwekwa juu ya ubao wenye tundu pana katikati, nacho hushuka hewani bila kugusa kitu. Taa inayopatikana hung'aa pande zote mbili kwa sababu haina alama za kalibu. Lakini kioo kinaposhuka huvutika, na kuta zake hukonda. Kwa hivyo fundi huanza na kioo kinene, huacha ukingo wa sentimita kadhaa kuzunguka tundu ili kisiteleze, na hulazimika kukichungulia mara kwa mara. Dakika chache za kupitiliza hutosha kuiharibu kazi ya siku nzima.

Umbo na mpako

Umbo la kalibu nalo lina masharti yake. Kuta zinapaswa kupanuka kuelekea juu, pasiwepo mahali palipobonyea kwa ndani ambapo kioo kinaweza kujifunga. Kioo kisizidi mdomo wa kalibu, kwani ukingo unaoning'inia nje hujipinda, hushika mdomo huo, na kuvunjika wakati wa kupoa. Kwa taa pana, kina kifupi ni salama zaidi kuliko kina kirefu, kwa kuwa kioo kinacholazimishwa kuingia shimoni hufanya mikunjo pembezoni.

Kalibu za udongo na za chuma hupakwa mchanganyiko wa alumina na kaolini uliokorogwa kwa maji, tabaka jembamba baada ya jingine, hadi zifunikwe kikamilifu. Chuma hupashwa moto kwanza kiasi cha matone ya mchanganyiko huo kukauka mara yanapokigusa, la sivyo hutiririka na kuacha mahali patupu. Palipo patupu ndipo kioo kinaponasa.

Kupoza taratibu

Wahenga walinena kwamba udongo uwahi ungali maji. Kioo nacho hupata umbo lake kingali laini, lakini uthabiti wake hupatikana katika kupoa. Joto likishuka hadi kiwango cha kutuliza kioo, ambacho kwa kioo cha madirisha ni karibu digrii 550, tanuri hushikiliwa hapo ili sehemu zote zilingane. Kwa kazi ya unene wa milimita 12, muda wa saa mbili hupendekezwa, na kwa milimita 25, saa nne. Baada ya hapo joto huteremshwa polepole. Penye kalibu nzito ya udongo, muda huo hurefushwa. Umeme ukipotea wakati huo, tanuri lisifunguliwe, kwani joto lililofungiwa humo ndilo kinga pekee iliyosalia.

Kioo kilichopoa vibaya kinaweza kuonekana kizima siku ya kutolewa tanurini, kikavunjika majuma kadhaa baadaye. Ndiyo sababu mafundi hukichunguza kioo kinachopenya mwanga kati ya vichujio viwili vya polaroidi vilivyozungushwa hadi mwanga ukafifia. Mahali penye mkazo hung'aa. Taa yenye mng'ao huo haifai kutundikwa, hata ikipendeza namna gani. Hurejeshwa tanurini na kupozwa upya.

Matundu ya kutundikia hutobolewa kwa keekee yenye ncha ya almasi, huku maji yakimiminwa, kabla kioo hakijainamishwa. Wakati wa kufunga taa, chuma kisikiguse kioo moja kwa moja, bali patiwe kizuizi cha mpira au plastiki laini. Balbu za LED hufaa zaidi kwa kuwa hazikipashi kioo joto kali upande mmoja. Hata hivyo, hakuna balbu wala mnyororo unaoweza kurekebisha mkazo ulioachwa na kalibu isiyofaa. Anayetaka taa ya kutundika juu ya vichwa vya watu, na aanze kwa kuuliza ni kipi kitakachonywea zaidi, kioo au kalibu.